Usukani wa gemu, ingizo la nne: kumbe ni kisahani

Leo usukani umekaa katikati saa mbili nzima. Nimepanda mawe, nimegonga mti, nimeserereka makusudi mara tatu, na kipande cheupe cha selotepu nilichobandika juu ya usukani bado kinaangalia dari. Tangazo la kuuza "kwa vipuri" nililokuwa nimeandika nimelifuta.

Niwakumbushe kidogo. Ni usukani wa mtumba, wa gia (mota inauzungusha kupitia gia), unaozunguka digrii 900 kutoka mwisho hadi mwisho, nilioupata hapa Nakuru kwa shilingi 14,000 pamoja na pedali zake. Kampuni siitaji, maana umeshazeeka na mwenyewe wa kwanza alionekana kugombana nao. Ukiuwasha unajizungusha kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha unasimama katikati vizuri tu. Naingia EA Sports WRC, gemu ya mbio za rali, nachagua Safari Rally ya kwetu, kilomita mbili za kwanza raha mustarehe. Napiga jiwe, usukani unakurupuka, na kuanzia hapo gari likienda moja kwa moja selotepu inaonyesha saa saba. Jiwe la pili, saa nane. Hebu jaribu kukata kona ukiwa umeshika usukani wa saa nane.

Programu ya usukani niliifuta na kuirudisha mara nne. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu la USB, nikauhamishia kwenye kompyuta ya mpwa wangu kule Lanet. Ugonjwa ukasafiri nasi.

Basi kwa wiki tatu nikawa mteja wa ndoto. Logitech G29 na G920 niliziondoa mapema: ni za gia vilevile, nguvu yake ya kuzungusha ni niutonmita 2 na kidogo, na katikati zina ule ulegevu ambao mkono ukishauzoea unausamehe, mimi nimechoka kusamehe. Thrustmaster T300 ni ya mkanda, laini na kimya. Lakini macho yalikwama kwenye zile ambazo usukani umefungwa kwenye ekseli ya mota yenyewe, hakuna gia wala mkanda katikati. Moza R5 inatoa 5.5. Fanatec CSL DD inatoa 5, na ukiiongezea pawasaplai kubwa inafika 8. R5 ni ya kompyuta tu, mwenye PlayStation asijidanganye. Nilishaanza kuweka akiba, hadi siku moja nikaishika meza yangu kwa mikono miwili na kuizungusha kama usukani. Ililia. Ni ya mbao za kubandika, na kibano cha sasa kimeshaacha makovu mawili ukingoni. Kwa niutonmita 5.5 ningekuwa naendesha meza.

Jumamosi stima ilipopotea nikaamua kuufungua, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Hapa niseme neno kuhusu bisibisi zile za vichwa vingi za bei ya chai: msizinunue. Ya kwanza ilikula kichwa cha skrubu nikabaki nachimba kwa koleo. Bisibisi moja nzuri yenye sumaku ni bora kuliko boksi zima la vile vyuma vya bati.

Ndani, nyuma ya mota, kuna kisahani cha plastiki chenye mistari myembamba sana. Kinapita katikati ya jicho la mwanga, jicho linahesabu mistari, na hivyo ndivyo usukani unavyojua ulipo. Nilichora mstari mmoja kwa kalamu nyeusi, kuanzia kwenye ekseli hadi kwenye kisahani. Stima iliporudi nikaendesha nusu ya safari, nikagonga ukuta kwa hasira, nikafungua tena. Mstari ulikuwa umekatika! Nusu ya ekseli imeenda huku, nusu ya kisahani imebaki kule. Nikawasha tochi ya simu: shingo ya kisahani, pale kinapokumbatia ekseli, ina ufa mwembamba kama unywele. Mota ikishtuka kisahani kinateleza, hesabu inapotea. Wiki tatu nalaumu programu.

Gundi ya kukauka haraka ilishika jioni moja tu. Mara ya pili nikaweka nyingi zaidi, tone likaingia kwenye mistari, usukani ukaanza kutetemeka kidogo kila mota ilipomaliza mzunguko, kama matatu yenye tairi lenye uvimbe. Kusafisha tone hilo kwa spiriti na kijiti cha masikio kulinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote, na nilishika pumzi muda wote.

Kilichofaulu: waya mwembamba wa shaba niliouvua kwenye mota ya feni iliyokufa. Nimeuzungusha shingoni mara sita, nikaukaza hadi ufa ukafumba, nikapaka juu gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, kidogo tu, kwa ncha ya sindano. Nikauacha siku nzima. Waya usinenepe, ukinenepa utagusa jicho.

Kelele za gia ziko palepale. Jana usiku mama wa nyumba ya chini alinisimamisha ngazini: "Baba Imani, umefungua mashine ya kusaga unga huko juu?" Nikamwambia ni mchezo wa magari. Alinitazama kwa huruma.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa fremu ya kiti. Fundi wa kuchomelea alishanipigia hesabu ya vyuma, na bado ananisubiri. Pole, fundi. Kwa wauza vipuri vya magari yaliyochinjwa nimekuta mkono wa handbreki ya Probox, shilingi 400, na tangu hapo silali. Nina Arduino Leonardo, kibao kidogo cha elektroniki kinachojitambulisha kwa kompyuta kama joistiki, nina potenshomita ya kilo-omu 10 ya kupima mkono umevutwa kiasi gani, na zile kona za kugeuka nyuma hazikatwi kwa kubonyeza kitufe. Mkono uko mezani sasa, umepakaza grisi kwenye karatasi yenye mchoro wa fremu. Tatizo ni yale meno ya kuufunga ukiuvuta: wa rali hautakiwi kujifunga. Kesho nayakata kwa msumeno.