Lete mfuko wote

Kila anayenipigia simu kabla ya kuja Jumamosi namwambia neno hilo hilo: lete mfuko wote. Usichague. Karatasi ambayo wewe unaiona ya maana huwa ni ile yenye mhuri mkubwa. Ninayoitafuta mimi mara nyingi imekunjwa mara nne ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Ni mwaka wa tisa huu natoa msaada wa kisheria bila malipo, siku moja kwa wiki. Meza moja, viti vitatu: changu, cha mwenye shida, na cha shangazi au jirani aliyemsindikiza, ambaye aghalabu ndiye anayeijua habari yenyewe. Nilipoanza nilidhani nitakuwa wa kusimama mahakamani na kumwaga hoja. Kumbe kazi kubwa ni kusoma. Kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari, kisha kuuliza: karatasi hii alikuletea nani? Lini? Dole gumba uliweka wapi?

Hilo la "lini" ndilo linalonikata maini.

Mzee mmoja (nimebadilisha mawili matatu asitambulike) alishitakiwa kwa deni alilokwisha kulipa. Stakabadhi zote anazo, zimepangwa kwa tarehe kuliko za ofisi nyingi. Wito ulipomfikia aliusoma, akauelewa, akauweka juu ya kabati. "Mwanangu, nilijua sidaiwi," akaniambia. "Nikasema anayedai ndiye ahangaike." Nilikosa la kumjibu, maana kwa akili ya kawaida yuko sahihi. Lakini kesi ya madai haiendi hivyo. Mdaiwa asipojibu ndani ya muda, mdai anaweza kuomba kesi isikilizwe upande mmoja, na stakabadhi iliyo kabatini haiwezi kujipeleka mahakamani. Alikuja kwangu baada ya dalali wa mahakama kufika nyumbani kuorodhesha vyombo.

Kuomba hukumu ya namna hiyo itenguliwe, lazima ueleze kwa kiapo kwa nini hukufika. "Nilijua sidaiwi" si sababu. Tukaumwaga mfuko mezani. Miwani ikatoka imefungwa kwa karatasi, karatasi ni ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na tarehe zake zinaonyesha kwamba siku kesi ilipoitwa mzee alikuwa kitandani, amelazwa. Kwa nini hukusema? "Uliniuliza habari za deni, hukuniuliza habari za ugonjwa." Hukumu ilitenguliwa baada ya miezi saba. Kesi yenyewe, stakabadhi zilipowekwa mbele ya hakimu, haikumaliza asubuhi.

Wanafunzi wa sheria wanaokuja kujitolea nawasimulia habari za Clarence Earl Gideon. Alishitakiwa Florida, Marekani, mwaka 1961, kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, akanyimwa. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli, na mwaka 1963 majaji wakaamua kwamba mtu anayeshitakiwa kwa kosa zito na hana uwezo lazima apewe wakili. Wanafunzi hulipenda sana hilo la penseli. Mimi napenda kilichofuata: kesi ikasikilizwa upya Agosti mwaka huo huo, shitaka lile lile, shahidi mkuu yule yule, ila safari hii yuko mtu anayejua kumhoji shahidi. Baraza la wazee wa mahakama lilikaa kama saa moja, likamwachia huru.

Lakini Gideon alikuwa na kesi ya jinai. Wengi wanaokaa kwenye kile kiti cha pili hawana jinai yoyote. Wana talaka, mirathi, mpaka wa kiwanja, mshahara uliozuiwa. Kwao namtaja Johanna Airey wa Ireland, aliyetaka kutengana na mumewe kisheria na hakuweza kumlipa wakili. Serikali ilijibu kwamba mlango wa mahakama uko wazi, angeweza kwenda mwenyewe. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitazama hoja hiyo pamoja na hesabu: katika kesi 255 za aina hiyo zilizofunguliwa Ireland kati ya Januari 1972 na Desemba 1978, hakuna hata mwombaji mmoja aliyekwenda bila wakili. Mama akashinda. Mlango wazi kumbe una ngazi.

Neno "bure" nalo lina mambo yake. Wapo wanaonificha nusu ya habari kwa kuwa wakili asiyelipwa wanamhesabu nusu wakili, pengine anakula pia upande wa pili. Siwalaumu, wengi wameshapita kwa vishoka, wale wanaojifanya mawakili. Kwa hiyo naanza na kuwaambia kwamba siri yao ni siri, iwe wamelipa au hawakulipa. Wapo pia wanaoona haya kuuliza swali la pili, kama vile kila swali ni sadaka wanayoniongezea. Na wapo ninaowaambia kwamba hawana kesi. Hao ndio wanaonichosha kuliko wote, na wachache hurudi wiki inayofuata kuuliza kama sheria imebadilika.

Yule mzee amerudi juzi, anahema, bahasha mkononi haijafunguliwa. Aliipokea jana yake jioni, akalala nayo chini ya mto, akadamka. "Safari hii sikuiweka kabatini." Nikaifungua. Lilikuwa tangazo la mkopo. Alitaka tulisome lote hata hivyo, kurasa tatu, na maandishi madogo ya chini. Tukasoma.