Kasha la Majivu Nililomtengenezea Rafiki Yangu

Rafiki yangu alitueleza mapema, akiwa bado na nguvu za kubishana: akifa asizikwe, achomwe, na usikatwe mti hata mmoja kwa ajili yake. Kazi yake ilikuwa kuotesha miche, na katika hilo alifuata mfano wa Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa miti wa Kenya. Profesa alipofariki mwaka 2011, aliagwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa alikuwa ameomba asiwekwe kwenye jeneza la mbao. Kisha akachomwa Kariokor, hapa hapa Nairobi.

Mama wa rafiki yangu hakuupinga wosia wa mwanawe. Ila wakati wa matanga alinishika mkono akaniuliza, "Sasa mwanangu, nitaenda wapi kumlilia?" Mimi ni seremala. Nikamwambia, "Mama, hilo niachie mimi."

Cha kwanza kilikuwa mbao. Kununua ubao mpya ingekuwa kumvunjia heshima, hivyo nikatafuta mlango mzee wa mvule kwa watu wanaouza mbao za nyumba zilizobomolewa. Mvule wa zamani umekauka barabara, haupindi tena. Ila una misumari iliyokatikia ndani, na msumari mmoja tu unatosha kuharibu meno ya randa. Nilipitisha sumaku polepole juu ya kila kipande, nikachimbua chuma chote kabla ya kugusa randa. Hata chuma kikiisha, mvule wenyewe huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, kwa hiyo randa ilibidi inolewe mara kwa mara. Na vumbi lake linawasha pua na ngozi. Yeyote atakayeufanyia kazi avae barakoa.

Kipimo ndicho watu wengi huniuliza. Mafundi hukadiria sentimita za ujazo 36 kwa kila kilo ya uzito wa marehemu. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha sana rafiki yangu, lakini mifupa haikondi, na majivu yanayorudi kutoka kwenye tanuri karibu yote ni mifupa iliyosagwa. Kwa hiyo nilihesabu kilo zake za siku za afya, 85, nikapata lita 3 na kidogo. Nikalipatia kasha nafasi ya ndani ya sentimita 16 kwa 16, kimo 14, yaani lita tatu na nusu hivi. Nafasi kubwa kidogo haidhuru. Kugundua kasha ni dogo mbele ya familia ni jambo ambalo sitaki fundi yeyote alione.

Pande nne nilizikata kutoka ubao mmoja, zikifuatana, ili mistari ya mti izunguke kasha lote bila kukatika. Pembe nilizikata kwa nyuzi 45, nikazibana kwa gundi, kisha nikapitisha vibao vyembamba kwenye kila kona, maana gundi peke yake kwenye pembe kama hizo haina nguvu ya kuaminika. Kifuniko nilikigundisha kabisa. Kasha linafunguka chini, kwa skrubu nne za shaba zisizoshika kutu.

Upande mmoja ulikuwa na tundu la msumari, limezungukwa na doa jeusi la kutu. Kijana ninayefanya naye kazi alitaka tuligeuzie nyuma. Nikaliweka mbele. Mbao ile ilikuwa imeshamtumikia mtu mwingine maisha mazima, na hilo ndilo rafiki yangu angelipenda kuliko mng'aro wowote. Vanishi sikutumia. Nilipaka mafuta ya kitani, nikayaacha yanywewe, kisha nta ya nyuki. (Vitambaa vya mafuta hayo vianikwe vikiwa vimetandazwa, vikikunjwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe.) Mvule uliotoka kupigwa randa una umanjano, na mwanga huugeuza taratibu kuwa kahawia. Nilimweleza mama hivyo, asije akadhani unaharibika.

Alipolipokea alilipakata, akapitisha kidole kwenye lile tundu, akalia kwa sauti, kwa namna ambayo hakuwa amelia tangu msiba uanze. Hakuna aliyemnyamazisha.

Baadaye aliuliza skrubu zinafunguliwaje. Nikamwonyesha, nikamwachia na bisibisi. Anataka mvua za masika zikianza, sehemu ya majivu iende shambani kwake Nyeri kwenye miche ya muiri, na sehemu ibaki ndani ya kasha. Nimemwomba tusiyamwage yote kwenye shimo moja, kwa sababu yana chumvi nyingi inayounguza mizizi michanga. Tutayachanganya kidogo kidogo na udongo na mboji, mti kwa mti.