Nguzo zisizobeba kitu

Jana usiku nilifuta nguzo kumi na nane kwa mpigo mmoja. Nilizizungushia mstari kwa kipanya, nikabonyeza kitufe, zikatoweka, na veranda yote ya ghorofa ya kwanza ikabaki hewani pamoja na vizuizi vyake. Haikuanguka. Haikuinama hata kidogo. Nikaigeuza nione upande wa chini, nikamalizia chai iliyokwisha kupoa, nikaenda kulala nimekasirika.

Kwa asiyejua ninachofanya usiku: nina mwaka mmoja na miezi minne najenga Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, kwa matofali ya Lego ambayo sina. Yamo ndani ya laptopu, kwenye programu ya bure iitwayo Studio. Nikitaka tofali jeupe naliburuta kutoka pembeni mwa skrini. Nikitaka mia nne, naburuta mia nne. Hayaishi, hayapotei chini ya kochi, wala hakuna mtoto wa kuyameza. Hesabu ya leo asubuhi ilikuwa vipande 11,482. Siku moja, kwa udadisi tu, niliangalia bei ya kuvinunua vyote. Nikaifunga laptopu taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta wazee wanaongea.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia LEGO Digital Designer, iliyotoka 2004 na kufungwa mwanzoni mwa 2022. Humo nilijenga vibanda vya chipsi na daladala moja ambayo milango yake haikufunguka. Sijui ni nini kilichonitoa kwenye daladala kikanitupa kwenye kasri la sultani. Nadhani ni picha za Desemba 2020.

Jumba lenyewe alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Lilikuwa na veranda pana zilizolizunguka, ghorofa juu ya ghorofa, zikibebwa na nguzo nyembamba za chuma. Ndilo lililotangulia kupata umeme mjini Unguja, na lifti yake ilikuwa ya mwanzo Afrika Mashariki, basi watu wakaliita la maajabu. Mnara wa saa haukuwapo hapo awali. Palikuwa na mnara wa taa mbele yake, ukapigwa mizinga Agosti 1896 kwenye ile vita isiyofika saa nzima, ndipo baadaye ukajengwa mwingine, safari hii ukiunganishwa na uso wa jumba. Kisha Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ikaporomoka. Watu wawili walifariki.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa la matofali. Lilikuwa: nalijenga la mwaka gani? Nimechagua lenye mnara wa saa, likiwa zima. Ndilo nililopelekwa kuliona nikiwa darasa la nne, nikanunuliwa ukwaju barazani pa Ngome Kongwe, nikatapika kwenye boti wakati wa kurudi.

Sasa niseme kidogo kuhusu vipimo, maana hapo ndipo usiku wangu unapoishia. Vinundu vya juu ya tofali vimepishana milimita 8 kutoka katikati hadi katikati. Kimo cha tofali ni milimita 9.6. Kuna na kipande chembamba, mimi nakiita bapa, chenye kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo mabapa matatu ni sawa na tofali moja. Mtu anayejenga wima tu anaweza kuishi maisha yake yote bila kujali hayo. Lakini vizuizi vya veranda vya Beit al Ajaib vina nakshi ambayo haitoki mpaka ulaze vipande ubavu, vinundu vikitazama baharini badala ya mbinguni. Na ukishalaza, kimo kinakuwa upana. Mabapa matano yaliyolazwa ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Manne hayaenei, sita yanazidi. Siku nilipoigundua hiyo tano kwa mbili nilikuwa kwenye foleni ya benki, natafuna peni, nikacheka peke yangu hadi mlinzi akanitazama.

Aliyenifundisha kuona hivi ni mtu niliyemkuta ameshafariki zamani. James Jessiman, wa Australia, ndiye aliyetengeneza LDraw mwaka 1995, programu pamoja na namna ya kuandika tofali kama maneno. Alifariki 1997, kijana kabisa. Mpaka leo programu nyingi za kazi hii zinasoma na kuandika kwa mtindo wake. Ukiihamishia kazi yako kwenye faili la aina hiyo na kulifungua kama maandishi matupu, jumba lote linageuka maelfu ya mistari ya namna hii:

1 15 0 -24 0 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat

Moja ya mwanzo inasema hiki ni kipande. 15 ni rangi nyeupe. Namba tatu zinazofuata ni mahali kilipo, tisa zinazofuata ni namna kilivyogeuzwa, na 3001 ni lile tofali la kawaida kabisa, la vinundu viwili kwa vinne. Jessiman alikata milimita katika vipimo vidogo vya 0.4, hivyo nafasi ya kinundu ikawa 20, kimo cha tofali 24, na bapa 8. Hakuna desimali hata moja ya kukusumbua mpaka uanze kupindisha vitu. Ila tazama ile hasi 24. Tofali hili liko juu ya jingine, si chini. Kwenye hesabu zake, kwenda juu ni kutoa. Nilikaa wiki nzima nikiandika sakafu kwa mkono na kushangaa kwa nini jumba linazama ardhini.

Lakini usome faili hilo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hutakuta popote palipoandikwa kwamba tofali hili limeshikwa na lile. Kila kipande kinajua kilipo, basi.

Hilo nililipia mwezi wa tatu. Kaka yangu wa Maskati, mtoto wa Mama Mkubwa, alikuja likizo na mfuko wa matofali meupe ambayo watoto wake wameshayazidi umri. Nikayahesabu juu ya mkeka: yalitosha kujenga upenyo mmoja tu wa jumba, nguzo mbili, kipande cha ukuta nyuma yake na sakafu tatu. Nikafuata mchoro wangu hatua kwa hatua. Nguzo moja ya kila ghorofa ni matofali kumi ya duara, ya kinundu kimoja kimoja, yamepangwa moja juu ya jingine. Kwenye skrini zilikuwa zimenyooka kama alifu. Mkononi, kila kiungo kilikuwa na kaulegevu kake, ukikigusa hukisikii, lakini kumi vikikutana nguzo inapinda kama mtu mwenye kichomi. Nilipoweka sakafu ya pili, veranda ikaanza kuuaga ukuta. Taratibu kabisa. Nikaingiza kidole kwenye ufa, kisha vidole viwili, kisha yote ikalala chali juu ya mkeka na paka akakimbia.

Nikarudi kwenye mchoro kuangalia nilikosea wapi, nikaona jambo la aibu. Viungo vya sakafu vyote, ghorofa zote tatu, vilikuwa vimeangukia mstari mmoja, pale pale veranda inapokutana na ukuta. Hakuna bapa hata moja lililovuka. Nilikuwa nimejenga majengo mawili yaliyosimama bega kwa bega bila kufahamiana. Fundi yeyote wa mtaani anayejua kupishanisha matofali angeliona hilo akiwa amesinzia. Programu ina sehemu ya kukagua uimara, ingenionesha, ila niliizima miezi kadhaa nyuma kwa sababu ilikuwa inanipakia rangi nyekundu kila mahali na mimi nilikuwa na haraka ya kufika kwenye mnara.

Marekebisho yalinichukua siku tisa. Mabapa marefu sasa yanatoka ndani ya ukuta, yanavuka, yanakwenda kukaa juu ya vichwa vya nguzo, na kila ghorofa inayakata mahali tofauti. Nguzo nazo nimezipitishia kijiti chembamba katikati, maana yale matofali ya duara yana tundu linalopenya. Kwenye picha hakionekani. Nikizungusha jumba, halina tofauti yoyote na lile la zamani lililolala kwenye mkeka.

Kuhusu rangi nisiseme mengi. Programu itakupakia kipande chochote rangi yoyote; baadaye ndipo unapoambiwa kwamba kitu hicho kwa rangi hiyo hakijawahi kutoka kiwandani. Jumba langu lilikuwa la krimu. Sasa ni jeupe, na nimejizoeza kulipenda.

Jumamosi iliyopita Mama Mkubwa alivuka kuja Dar kwa ajili ya harusi. Baada ya chakula akaniuliza, ati nasikia unajenga nyumba ndani ya kompyuta, nyumba ya nani? Nikamwekea mto, nikaiweka laptopu juu ya sinia la bati mbele ya feni, kama ninavyofanya siku zote maana inapata moto kuliko pasi, nikamwonesha.

Alitazama kimya. Nikazungusha kutoka upande wa bahari hadi upande wa Ngome Kongwe. Akauliza kama unaweza kuingia ndani. Nikaliondoa paa, tukashuka mpaka ukumbini.

"Na mtepe?"

Nilikuwa nimeuweka. Wakati jumba lilipokuwa makumbusho, katikati palikaa mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila msumari. Wa kwangu una vipande thelathini na kitu, umekaa gizani chini ya paa mahali ambapo hakuna atakayeuona. Mama Mkubwa aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake pale kila mwaka, darasa baada ya darasa. Akanyanyuka.

"Vizuri. Ila hii si veranda, mwanangu. Hii ujia."

"Ujia vipi, mama?"

"Nyembamba. Sisi tulikuwa tukipita watu watatu sambamba, na mtu mwingine kasimama kando anatazama meli. Hebu weka watu."

Nikaleta sanamu tatu za Lego, nikazipanga bega kwa bega kati ya ukuta na nguzo. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa ikigusana na ya kwanza. Ya tatu ikaingia ndani ya nguzo, nusu ya uso ikabaki nje. Mama Mkubwa alicheka mpaka leso yake ikaanguka.

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia hivi vijisanamu ni vinene kuliko watu, kipimo chake hakilingani na cha jumba. Ambayo ni kweli. Lakini usiku ule nilifungua picha za zamani, nikapima upana wa veranda kwa kuulinganisha na kimo cha mlango, nikapima tena kwa picha nyingine, na kila nilipopima nilimkuta yeye. Nilikuwa nimeipa veranda vinundu sita kwa sababu sita ndivyo vilivyoniwezesha kumaliza uso wa jumba kwenye mabamba mawili ya msingi, ya vinundu 48 kila moja. Sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa nimelikata jumba lienee kwenye bamba.

Basi ndiyo habari ya nguzo kumi na nane. Veranda inakuwa vinundu kumi, pande zote, na uso unatoka vinundu 96 kufika 104, yaani kutoka sentimita 76.8 hadi 83.2, na mabamba mawili hayatoshi tena. Mabapa yote yanayovuka, yale ya siku tisa, hayafiki. Yanabadilishwa na ya mbili kwa kumi na mbili, na kwa hiyo viungo navyo vinahama, na kwa hiyo napaswa kukagua upya kama vimepishana. Leo nimewasha kile kikaguzi cha uimara. Nusu ya mbele imekuwa nyekundu kama soko la pilipili. Sijakizima.

Saa tatu usiku Mama Mkubwa amepiga simu, keshafika kwake salama, boti ilikuwa inayumba sana.

"Ushaipanua?"

"Upande wa bahari tayari, mama. Bado wa Ngome Kongwe."

"Haya. Na mtepe usiusogeze."