Na wenzio walisema

Sijapata utulivu tangu Jumatatu, na si kwa sababu ya zamu za usiku. Ni maneno ya Bibi, mkubwa wetu wa wodi ya wazazi, mnamjua.

Tulikuwa tunapokezana zamu. Nilipomaliza ripoti nikamwambia kwa sauti ya chini, maana nilitaka kazini yeye awe wa kwanza kujua: "Bibi, nafikiria kuomba uzamili wa ukunga, Muhimbili. Miaka miwili."

Hakuinua macho kwenye kitabu cha dawa. "Ukimaliza utarudi wodini?"

"Nitarudi, Bibi, inshallah."

"Na wenzio walisema."

Basi. Akaenda kumtazama mzazi wa kitanda cha dirishani, mimi nikabaki nimeshika mkoba.

Maneno hayo nimeyarudia nikikuna nazi, nimeyarudia garini, nimeyarudia kwenye sala, Mungu anisamehe. Wenzangu gani? Nawajua. Mmoja yuko wizarani Unguja, mmoja kwenye mradi Dar es Salaam, mwengine anafundisha. Kazi zao ni za maana, lakini hakuna anayeshika tumbo la mzazi saa tisa za usiku, na wote ni Bibi aliyewafundisha kupima kwa vidole njia ya uzazi ilivyofunguka. Kaniweka fungu lao kabla sijajaza hata fomu. Hilo ndilo linaloniuma. Wiki hiyo hiyo binamu kaolewa Chake, umeme ukakatika tukazalisha pacha kwa tochi za simu, kitinda wangu kang'oka jino la kwanza; yote yamepita mimi namjibu Bibi kichwani.

Alhamisi usiku kaletwa mzazi wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 4, uchungu wa kuja na kupotea. Kijana wetu mpya akataka kumtundikia dripu ya kuongeza uchungu. Nikasema tungoje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5, si 4 kama tulivyosomeshwa chuoni Mbweni, na ile hesabu ya njia kufunguka sentimita moja kila saa haimfai kila mwanamke. Mama mzima, mapigo ya mtoto mazuri, haraka ya nini? Kijana akauliza wamejuaje. Nikamweleza niliyoyasoma, ila nataka siku moja nimweleze zaidi: utafiti ulifanywaje, kwa wanawake wepi, na hawa wetu wa Pemba nani kawapima. Hilo ndilo ninaloliendea, si cheo.

Bibi alikuwepo. Hakusema kitu. Akavuta kiti, akakaa na yule mzazi akimsugua kiuno mpaka alfajiri. Mtoto wa kike, kilo 3 na ushei, analia vizuri.

Bibi alipoinuka ilibidi ashike kitanda kwanza, na hapo hasira ikanitoka. Ana miaka 57. Akifika 60 anastaafu. Mimi siku zote nasema ningoje kitinda aingie skuli, ningoje miguu ya mkwe ipoe, ningoje nyumba iezekwe. Lakini nikienda mwaka huu nitamkuta Bibi bado yupo, anipokee mwenyewe. Nikingoja, yeye ataondoka, mkubwa wa zamu nitakuwa mimi, na hapo ruhusa ya masomo nani atanisainia? Baba Watoto amesema niende, watoto wana bibi yao.

Dirisha la maombi likifunguliwa tu, najaza. Kesho nina zamu na Bibi, nitamtajia mwezi wa kwenda na mwezi wa kurudi.

Sasa kinachonishughulisha ni kaka. Karafuu za Mtambwe zimeiva, wachumaji hawatoshi, naye leo kapanda mwenyewe na bega lile lililoteguka msimu uliopita. Mkewe anasema kesho anapanda tena. Wa kumkataza akakatazika ni mama tu, na mama yuko Tanga, simu yake haipatikani tangu mchana.