Siku moja maishani mwangu: gigabaiti 46 kwenda Mwanza

Saa 12 kasoro asubuhi

Natoka Kimara mapema ili nipate kiti kwenye mwendokasi wa Morocco. Nikichelewa robo saa tu, nitasimama mpaka mwisho wa safari.

Natunza seva za kampuni ndogo ya upimaji ardhi hapa Kijitonyama. Wapima wanapima, wachoraji wanachora, na mimi nahakikisha kazi yao haipotei wala haiangukii mikononi mwa asiyehusika. Faili zetu zina majina ya watu, namba za vitambulisho vya taifa, saini zao na mipaka ya viwanja vyao. Tarakimu moja ikibadilika kwenye mpaka, majirani wawili wanaweza kupelekana barazani miaka kumi.

Saa 2 asubuhi

Kabla ya chai naangalia bakapu ya usiku. Tabia hii niliipata kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, seva ilizimika na kuwaka tena usiku, lakini diski ya kazi haikuunganishwa. Folda ya /kazi ikabaki tupu. Saa 5 usiku rsync, programu yetu ya kunakili, ikaanza na ile amri ya --delete, inayofuta kwenye nakala chochote kisichopo kwenye asili, ikafanya kama ilivyoagizwa: ikaifananisha bakapu na folda tupu. Diski yenyewe ilipokuja kukaguliwa, ikaonekana imekufa. Wiki tatu za kazi zikaenda. Mzee mmoja mpima alirudi Kisarawe kupima upya, na hakunitolea neno baya hata moja. Mpaka leo nikimwona namwamkia kwa adabu ya pekee.

Siku hizi mstari wangu unasomeka hivi:

`mountpoint -q /kazi && rsync -a --delete /kazi/ /bakapu/kazi/`

Diski iwepo mahali pake kwanza, ndipo kunakili kuanze. Na kila ninapobadilisha chochote, naijaribu amri kwa -n, ili rsync inionyeshe ingefanya nini bila kugusa kitu.

Saa 3 asubuhi

Mzigo wa leo ni urasimishaji wa makazi ya mlimani Mwanza. Picha 3,900 za droni na ramani moja kubwa iliyounganishwa kutokana nazo, jumla gigabaiti 46. Wenzetu wa tawi la Mwanza wanazihitaji leo kwa sababu kesho wanapanda mlimani.

Nina binti wa mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili chuoni, ana hamu ya kazi. Namwachia kibodi aunganishe. Badala ya kuingia, dirisha jeusi linajaa onyo kwa herufi kubwa: utambulisho wa mashine ya mbali umebadilika.

"Dada, si tufute tu ule mstari wa zamani tuendelee?"

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, nikawa sina haraka. Nikamwambia kompyuta yetu inakumbuka ufunguo wa kila seva iliyowahi kuzungumza nayo. Leo iliyoitikia kwa jina la Mwanza imekuja na ufunguo mwingine. Huenda seva imewekewa mfumo upya. Huenda pia kuna mtu katikati ya njia anayejifanya Mwanza, apokee faili zote, asome, kisha azipeleke mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Usimbaji hautatusaidia hapo, kwa sababu tutakuwa tumemfungia mwizi bahasha vizuri na kumkabidhi mwenyewe.

Nikampigia simu mwenzetu wa Mwanza. Sauti yake naijua, tumefanya kazi miaka minne.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Najua unachopigia. Diski ilikufa Ijumaa, nimeweka mfumo upya."

"Pole. Basi nisomee alama ya kidole ya ufunguo mpya."

Akakaa mbele ya mashine yenyewe, akaandika:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

Akaanza kusoma taratibu: k ndogo, T kubwa, tisa, w ndogo, alama ya kujumlisha... Binti akawa anafuata kwa kidole kwenye skrini yetu, herufi kwa herufi, zote 43. Katikati magari yalipiga honi upande wa Mwanza, tukarudia herufi sita. Zilipolingana mpaka ya mwisho, tukauondoa mstari wa zamani kwa ssh-keygen -R, tukaunganisha, binti akaandika yes. Simu nzima haikufika dakika nne.

Nikamsimulia pia chanzo cha SSH, chombo tulichotumia kuunganisha. Mwaka 1995 huko Finland, mtu alitegesha programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo kikuu, maana zamani zile nywila zilipita wazi. Tatu Ylönen, mtafiti pale chuoni, akaandika SSH ili mazungumzo ya kompyuta mbili yapite yakiwa yamesimbwa. Akaiombea mlango namba 22, ulioachwa wazi kati ya 21 wa FTP na 23 wa Telnet, vyombo vya zamani vya kutuma faili na kuingia kwenye kompyuta ya mbali, vile vile alivyotaka ivirithi. Inaniuma kwamba mwaka huu huu kuna ofisi bado inatutaka tuipelekee orodha za wamiliki kwa FTP ya wazi. Tunakataa, na tutaendelea kukataa.

Saa 3:30

`rsync -aP --timeout=120 mlimani mwanza:/kazi/`

Binti ameuliza mbona folda ya mlimani haina mkwaju (/) mwishoni. Swali zuri. Bila mkwaju folda inakwenda yenyewe na vyote vilivyomo. Ukiuweka, vilivyomo vinamwagwa peke yake ndani ya /kazi na kuchanganyika na miradi ya wengine. Hatukuweka -z pia, kwa kuwa picha za JPEG zimeshakamuliwa, na kuzikamua tena ni kuichosha prosesa bure. Kasi yetu ya kupandisha ni megabiti 20 kwa sekunde, kwa hiyo ni saa tano na ushee. Nimeianzisha kwenye seva ndani ya tmux, inayoiacha kazi iendelee yenyewe, ili hata kompyuta yangu ikizima kazi isikatike.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeandaa orodha ya sha256sum, namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, mstari mmoja kwa kila faili, na yenyewe imo ndani ya folda.

Saa 5

Nimemwambia binti atengeneze ufunguo wake: `ssh-keygen -t ed25519`, na auwekee nenosiri. Baada ya dakika tano simu yangu ikalia, amenitumia faili kwa WhatsApp. Jina lake halikuishia na .pub. Alikuwa amenitumia ufunguo wa siri.

Sikumgombeza. Nilimwambia ufunguo wa siri ukishatoka kwenye mashine yake hata mara moja, haufai tena. Ufunguo wa .pub ni kama kufuli, mpe yeyote akuwekee mlangoni kwake. Ule mwingine haupewi mtu, hata mimi. Tukafuta funguo zote mbili, akaanza upya.

Saa 8 na dakika 10 mchana

Tumeshakula wali maharage kwa mama wa nyuma ya jengo. Picha zote zimekwisha, ramani ya gigabaiti 11 imefika saba. Umeme ukakatika. Seva ina betri, lakini ruta ya jengo haina, mstari wa maendeleo ukaganda, kisha rsync ikakata tamaa yenyewe.

Zamani, nikitumia scp, amri nyingine ya kunakili faili, hapa ningeianza ramani nzima upya. Scp naipenda kwa faili moja ndogo. Kwa mzigo mzito wenye umeme wa kubahatisha, sitaki nyingine zaidi ya rsync.

Umeme umerudi saa 9 kasoro dakika kumi. Amri ile ile, bila kubadilisha herufi. Ikazipita picha 3,900 bila kuzituma tena, ikakikuta kipande cha ramani ambacho P kubwa ya kwenye -aP ilikihifadhi, ikapeleka kilichobaki.

Saa 9:30 alasiri

Imefika. Ila kufika siyo kufika salama. Kaka wa Mwanza akaendesha `sha256sum -c`, akasubiri, akaniandikia: moja imekataa. Picha namba 2217.

Binti akasema ni umeme. Nilidhani hivyo pia, lakini nikaipima ile picha hapa kwetu kwanza, ikakataa na hapa. Kwa hiyo njia haikuiharibu, iliondoka hapa ikiwa imeshabadilika. Nikaenda chumba cha michoro kuuliza. Mchoraji mmoja aliifungua asubuhi kuitazama, akaigeuza isimame wima, programu ikahifadhi. Hakuwa na nia mbaya.

Nikaitoa ya asili kwenye kadi ya droni, namba zikalingana na orodha, nikaituma. Halafu nikaifanya folda nzima iwe ya kusomwa tu, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuandika orodha.

Saa 11 jioni

Ujumbe kutoka Mwanza: "3,901 zote OK. Asante dada. Kesho saa 1 tunaanza na mwenyekiti wa mtaa, juu kabisa."

Binti ananakili ile alama ya kidole ya Mwanza kwenye daftari letu la seva, kwa kalamu, akitenganisha herufi nne nne. Namsubiri amalize ndipo tufunge ofisi.