Nyonga Zikipungua Kasi, Fimbo Hukimbia

Mchezaji mahiri wa gofu anapopiga kwa dreva, yaani fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali, kichwa cha fimbo hufika kwenye mpira kikiwa na kasi ya kilomita 180 kwa saa, na pengine zaidi. Kuishusha fimbo kutoka juu ya bega hadi kwenye mpira huchukua takriban robo ya sekunde. Kichwa cha dreva kina uzito wa gramu 200 hivi, kwa hiyo kukifikisha kwenye kasi hiyo kunahitaji nishati ya jouli 250, yaani wastani wa wati 1,000 ndani ya robo hiyo ya sekunde, bila kuhesabu nishati iliyomo katika mikono yenyewe na katika mpini wa fimbo. Misuli ya mikono peke yake haiwezi kutoa kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo, na ndiyo maana ninasikitika kila ninapomsikia mwanafunzi wa gofu akiambiwa kwamba atafikisha mpira mbali akikaza mikono.

Nishati hiyo hutoka kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio na kiwiliwili, nayo hupatikana kwa sababu miguu ina mahali pa kusukumia. Mchezaji anapoanza kuishusha fimbo, uzito wake huhamia kwenye mguu wa mbele, ule ulio karibu na upande anakoelekeza mpira. Mguu huo huikandamiza ardhi, na ardhi humrudishia kani iliyo sawa na hiyo kuelekea juu, ambayo kwa wapigaji wenye nguvu huzidi uzito wa mwili mzima. Wakati huohuo unyayo mmoja husukuma ardhi kuelekea mbele na mwingine kuelekea nyuma, na tofauti hiyo ndiyo inayozizungusha nyonga. Aliyesimama juu ya barafu hawezi kupiga mpira mbali, hata awe na mabega ya namna gani.

Jambo linalonivutia kuliko yote katika biomekanika (elimu ya mwendo na kani za mwili) ya mpigo huu ni mpangilio wa zamu. Vipimo vinavyochukuliwa kwa kamera na vitambuzi vinavyofungwa mwilini vinaonyesha kwamba, kwa wachezaji wazuri, nyonga hufikia kilele cha kasi yake ya kuzunguka kwanza, kisha kifua, kisha mikono, na mwisho kabisa fimbo, na kila kilele huwa juu kuliko kilichotangulia: nyonga hufika takriban digrii 500 kwa sekunde, ilhali fimbo hupita digrii 2,000. Hata hivyo, sehemu ambayo wengi huisahau ni ile inayofuata baada ya kila kilele. Nyonga haziendelei kukimbia hadi mpira upigwe, bali hupungua kasi ghafla, goti la mbele likinyooka na mguu ukijikita, na kwa kupungua huko mwendo wa mzunguko ziliokuwa nao hupokelewa na kifua. Kifua nacho hupungua na kuipa mikono, na mikono hupungua na kuipa fimbo. Mrusha mkuki hufanya vivyo hivyo anapoukita mguu wa mbele mwishoni mwa mbio zake ili kasi ya mwili ihamie begani na mkononi. Kwa maoni yangu, agizo la kuzungusha nyonga kwa nguvu zote ni nusu ya somo, kwa sababu nyonga zisizojua kupungua huuacha mwili wote ukizunguka kwa pamoja na fimbo ikibaki na kasi ya kawaida.

Viganja vina kazi ya kuchelewesha. Pembe iliyopo kati ya mkono wa mbele na mpini hubaki imekunjwa kwa sehemu kubwa ya safari ya kushuka, jambo ambalo huiweka fimbo karibu na mwili na kuufanya mzunguko kuwa mwepesi. Kisha mikono inapokaribia usawa wa paja, kichwa cha fimbo kinachovutika kwenda nje huifungua pembe hiyo, mara nyingi bila viganja kulazimika kusukuma. Karibu na mpira, mvuto huo huzidi uzito wa kilo 30. Anayezifungua pembe mapema, akidhani anaharakisha, hutumia kasi yake yote kabla fimbo haijafika.

Kuhusu pengo kati ya mzunguko wa mabega na ule wa nyonga, ambalo mkufunzi wa Marekani Jim McLean alilipa umaarufu mwaka 1992 kwa jina la X-Factor, nitasema machache. Ukubwa wake mwishoni mwa kuinua fimbo haunishawishi sana. La maana zaidi ni kwamba wachezaji mahiri huliongeza mwanzoni mwa kushuka, kwa kuwa nyonga zao hugeuka kurudi mbele kabla mabega hayajatulia, na misuli ya kiwiliwili iliyonyooshwa kwa haraka hujikunja kwa nguvu zaidi.

Pengo hilo lina gharama yake, nayo hulipwa na mgongo wa chini. Pingili 5 za kiunoni kwa pamoja zina uwezo wa kujizungusha kwa digrii 10 hivi tu kila upande, na katika mpigo wa gofu mgandamizo unaozipata umepimwa kufikia mara 8 ya uzito wa mwili. Mzunguko mkubwa unapaswa kutoka kwenye kifua na kwenye viungo vya nyonga. Iwapo nyonga ya mbele imekakamaa na haiwezi kugeukia ndani, kiuno hulazimishwa kuzunguka kwa niaba yake, mpigo baada ya mpigo. Kwa mchezaji wa namna hiyo, ninaona ni busara zaidi kuugeuza unyayo wa mbele nje kidogo anaposimama, na kuruhusu kisigino hicho kiinuke anapoinua fimbo, kuliko kung'ang'ania umbo la mchezaji mwenye viungo vilivyo tofauti na vyake.