Siku moja maishani mwangu: wodi ya watoto njiti

Saa 12:50 asubuhi. Juni ya Njombe inapenya mifupa. Naingia wodini, nafunga mlango upesi, na kabla ya kitu kingine natazama kipimajoto cha ukutani. Kikishuka chini ya nyuzi 25 situlii.

Saa 1:30. Tunapokezana zamu. Kwa kila mtoto nauliza kwanza: jana alikaa kifuani kwa mama kwa muda wa saa ngapi? Uzito na maziwa vinafuata. Zamani hatukuuliza hivyo. Njiti alilazwa kwenye mashine ya joto, mama akaitwa kukamua maziwa kisha akarudi wodini kwake. Kangaruu, yaani kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilingoja mtoto atulie kwanza. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ulionyesha kwamba kungoja kunaua. Waliozaliwa na kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakawekwa kifuani mapema, walifariki 12 katika kila 100. Waliongojeshwa, karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Saa 3. Daktari anapita vitandani. Pacha mmoja ameanza kunyonya mwenyewe!

Saa 4:20. Tunaitwa chumba cha upasuaji. Kondo la nyuma lilitangulia, mama akatokwa damu nyingi. Mtoto wa wiki 31, gramu 1,380, anapumua. Mama bado yuko mezani. Mwongozo unasema ngozi kwa ngozi, sasa ngozi ya nani? Nje amekaa mama yake mzazi, chupa ya uji mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mzima?"

"Mzima. Tunaomba kifua chako."

"Baridi yote hii, umvue nguo mtoto wa namna hii?"

Simtajii utafiti wowote. Nampima mtoto joto mbele yake: 35.9. Bibi anavua sweta mbili na blauzi. Mtoto ana nepi, kofia na soksi tu. Namlaza wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande, shingo imenyooka kidogo hewa ipite. Kanga inamfunga mpaka chini ya sikio, sweta zinarudi juu.

Saa 5:45. 36.7. Namsogezea bibi kipimajoto.

"Hilo joto langu?"

"Lako, bibi."

Anaweka kiganja juu ya kanga, wala hakiondoi.

Saa 8. Maziwa yanapita kwenye mrija wa pua, mtoto yuko palepale. Mama wa kitanda cha tatu analalamika mgongo, na ana haki: viti vya kuegemea tunavyo viwili, kina mama ni saba. Katika utafiti ule watoto walifikisha saa 17 hivi kwa siku kwa sababu mama zao waliishi humohumo wodini. Kwa hiyo fedha zikija, mimi naomba viti na vitanda vya mama kabla ya mashine nyingine ya joto. Nimeomba, nitaomba tena.

Saa 9:30. Zamu imeisha. Nabaki.

Saa 11:10. Mama analetwa kwa machela, midomo mikavu, macho yanatafuta. Bibi anafungua kanga taratibu, tunamhamisha mtoto pamoja, mikono minne.

Kwenye chati naandika: bibi, muda wa saa 6 na nusu. Mstari wa chini yake: mama, kuanzia 11:10.